Wageni Wachache, Siku Nyingi: Safari za Kujifunza Ufundi Kuanzia Kondele

(Maneno haya yalitolewa Kondele mbele ya vikundi vya wafinyanzi na wasusi, waongoza watalii, na wenye matatu na boti. Yanachapishwa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuweza kufika.)



Mtu anayeshuka matatu hapa Kondele asubuhi hahitaji kuambiwa kwamba Kisumu ina mafundi. Nyundo husikika kabla gari halijasimama. Kuna masanduku ya bati, majiko ya makaa, milango ya chuma, vitanda, na fundi wa viatu kando ya barabara aliyeketi palepale miaka mingi. Wageni wengi wa kutoka mbali hupita hapa wakielekea Kakamega kuona msitu, vioo vya gari vikiwa vimefungwa. Wakirudi mjini wanapelekwa Dunga kula samaki, wanapiga picha za machweo, na kesho yake wanapanda ndege. Wamekaa usiku mmoja. Hawakukutana na mfinyanzi hata mmoja, wala msusi, wala mchonga mtumbwi, na hakuna aliyewaambia kwamba watu hao wapo.

Mazungumzo ya leo yanahusu safari ya aina nyingine: watu sita, nane, labda kumi, wanaokuja kwa sababu ya ufundi wenyewe. Hawaji kuangalia tu. Wanataka kushika udongo, kukata mafunjo, kukaa chini ya mwembe na kuambiwa kwamba wamekosea, waanze upya.

Jambo hili limejaribiwa kwingine. Ureno ni nchi ndogo yenye vijiji vingi ambavyo vijana wake walihamia mijini na ng'ambo, wakaacha wazee na ufundi wao. Huko kaskazini, karibu na mji wa Vila Real, kuna kijiji cha Bisalhães ambako vyungu huchomwa ndani ya shimo, vikafunikwa kwa matawi na udongo ili moshi usitoke, na vinapofukuliwa vimekuwa vyeusi kabisa. Mwaka 2016 UNESCO iliuweka ufinyanzi huo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa sababu wafinyanzi waliobaki walikuwa wachache na wenye umri mkubwa. Kusini mwa nchi hiyo, katika mji wa Loulé, wageni hujiandikisha kusuka majani ya mkindu na kujifunza ufinyanzi kutoka kwa mafundi wa hapo. Kati ya mwaka 2016 na 2020 mradi wa utafiti ulioitwa CREATOUR, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Coimbra, ulisaidia miji midogo na vijiji vya Ureno kubuni safari za namna hiyo. Msingi wake ulikuwa kwamba mgeni halipii kuona, analipia kufundishwa.

Orodha hiyo ya UNESCO si ngeni kwa watu wa hapa. Mwaka 2019 mila na desturi zinazoambatana na Kit Mikayi, lile jiwe la Seme lililo kandokando ya barabara ya kwenda Bondo, ziliingizwa humo. Kwa hiyo Bisalhães na Seme ziko katika kitabu kimoja cha mambo yanayoweza kupotea. Na jina lenyewe, jiwe la mke wa kwanza, linaleta mazungumzo pale yanapopaswa kufika, yaani ndani ya dala, kwa mama mwenye nyumba, kwa sababu ufinyanzi wa Waluo uko mikononi mwa wanawake.

Mtafiti mmoja, Ingrid Herbich, aliwachunguza wafinyanzi wa Siaya na kuchapisha matokeo yake mwaka 1987. Alichokieleza wengi wa akina mama waliopo hapa wanakijua bila kusoma. Kwa kawaida mwanamke hakuja na ufundi wa vyungu kutoka kwao. Aliolewa katika boma lililo karibu na udongo mzuri, akaukuta ufundi huo kwa mama mkwe wake, na akajifunza kwake na kwa wake wenza. Ndiyo sababu vyungu vya kijiji kimoja hufanana na hutofautiana na vya kijiji kingine, ingawa wanawake waliovifinyanga wametoka koo mbalimbali.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Ufundi unaopitia kwa mama mkwe kwenda kwa mke wa mwana unahitaji mke wa mwana awepo nyumbani. Leo yuko Kondele au Manyatta anauza nguo, au yuko Nairobi na mumewe. Akirudi Desemba anakaa wiki mbili. Mama anafinyanga peke yake. Anavipeleka vyungu sokoni, na siku ya Jumapili pale Kibuye, mnunuzi anasimama katikati ya sufuria za alumini na mitungi ya plastiki, anakigonga chungu kwa kidole kusikia kama kimelia vizuri, halafu anaomba apunguziwe bei. Mke wa mwana akiona hesabu ya siku hiyo, haulizi tena namna ya kukanda udongo. Hakuna wa kumlaumu.

Safari za vikundi vidogo haziwezi kurudisha enzi ambapo kila nyumba ilikuwa na dapi la maji ya kunywa. Zinachoweza kufanya ni kuipa bei kazi ambayo mpaka sasa haijawahi kulipiwa, nayo ni kazi ya kufundisha. Hapa ni mfano wa hesabu tu, si bei iliyopangwa na mtu yeyote. Wageni 8 wakilipa shilingi 1,500 kila mmoja kwa somo la asubuhi, hizo ni shilingi 12,000. Chungu kikiuzwa shilingi 400, mama angehitaji kufinyanga, kukausha, kuchoma, kubeba na kuuza vyungu 30 ili azipate, na hapo hajatoa nauli wala vile vilivyopasuka motoni. Hata baada ya mwongozaji, gari na mfuko wa kikundi kuchukua haki yao, asubuhi moja ya kufundisha inaweza kuwa na uzito wa soko zima. Na aliye karibu na mwalimu, anayeteka maji, anayetwanga udongo, anayewaonyesha wageni namna ya kushika kigae, ni nani? Ni mke wa mwana, kama amepata sababu ya kubaki.

Sasa kuna kosa ambalo waandaaji wengi wa safari hulifanya, hata wenye nia njema. Wanapanga saa mbili kwa mfinyanzi. Gari linafika saa nne, chai, somo, picha, saa sita gari limeondoka kwenda kula samaki. Chungu hakikubali ratiba hiyo. Udongo unachimbwa, unalowekwa, unachujwa mawe na mizizi, unakandwa. Mfinyanzi anaanza kitako, anaongeza pindi za udongo moja juu ya nyingine, anazibana na kulainisha kwa kigae au kipande cha kibuyu. Kabla shingo haijawekwa, mwili unaachwa ushike nguvu kidogo, la sivyo unaporomoka. Kisha anaviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi na alama zinabaki. Halafu chungu kinakaa kivulini siku kadhaa, na msimu wa unyevu siku nyingi zaidi. Siku ya kuchoma vinapangwa pamoja, vinafunikwa kwa nyasi na kuni, na moto unawashwa upepo ukiwa umetulia. Mgeni wa saa mbili anaona robo ya kazi, halafu anaondoka na chungu kilichofinyangwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo ni safari inayopaswa kufuata udongo. Kikundi kije kwa mfinyanzi mara mbili. Siku ya kwanza kila mgeni afinyange chungu chake, kipinde, kiporomoke, akirudie. Kisha waondoke, na vyungu vibaki vinakauka. Baada ya siku tano au sita, mama akishasema vimekauka, warudi kwa ajili ya moto. Kila mmoja atafukua chungu chake kwenye majivu, au vigae vyake, na hilo nalo ni somo. Katikati ya siku hizo mbili kuna karibu wiki nzima ambayo mgeni hana budi kulala, kula na kusafiri katika eneo hili. Hakuna tangazo la hoteli litakalomzuia mtu Kisumu usiku sita kama chungu chake mwenyewe kinachongoja moto.

Na kazi za kujaza siku hizo zipo. Dunga, mahali wanapopelekwa kula samaki, pana mafunjo, togo kwa Kiluo, na wanawake na wanaume wanaoyakata, kuyachana, kuyaanika na kuyasuka kuwa mikeka na vikapu. Mgeni akiingia kwenye mtumbwi alfajiri na mkata mafunjo ataelewa kwa nini mkeka una bei hiyo: maji ya kiunoni, kisu, mzigo mzito wa mabua mabichi. Ataona pia ndege wa kinamasi ambao hawaishi kwingine ila ndani ya mafunjo, na ataambiwa kwamba yanapokatwa kwa zamu huota tena, bali yanapochomwa moto au kinamasi kinapogeuzwa shamba, msusi na ndege hupoteza makazi pamoja. Jambo la gugumaji nalo haliepukiki. Lilipoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilifunga njia za wavuvi. Mafundi wa Kisumu wamelikausha na kulifanya viti, vikapu na karatasi. Vitu hivyo havijalimaliza gugumaji na havitalimaliza, na waongozaji waache kuwaambia wageni vinginevyo. Ni ufundi mzuri, hiyo inatosha.

Siku moja iende Tabaka, Kisii, kwenye machimbo ya mawe laini ambako wanaume huchonga na wanawake husugua kwa maji mpaka jiwe ling'ae. Siku nyingine iende Siaya kwa ajili ya nyatiti. Huko upo mfano wa kutazamwa kwa makini. Mwanamke wa Kijapani, Eriko Mukoyama, alikuja kujifunza nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho kwa desturi kilipigwa na wanaume. Alikaa kijijini kwa mzee Okumu K'Orengo, akaishi maisha ya kijiji, akajifunza Kiluo, na akapewa jina la Anyango ambalo ndilo analojulikana nalo jukwaani hadi leo. Hakujifunza kwa asubuhi moja. Tangu hapo amekipiga chombo hicho nchi nyingi, na kila anapokipiga hutaja kilikotoka. Si kila mgeni atakuwa Anyango, lakini mgeni mmoja aliyekaa ametangaza Siaya kuliko mabasi mengi yaliyopita.

Kwa wale ambao hawana wiki, Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yana Ber-gi-dala, boma la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Yafaa kuwa kituo cha kwanza cha kila kikundi, ili mgeni ajue nyumba ya mikayi iko wapi na simba ya kijana iko wapi kabla hajaingia kwenye boma la watu na kukanyaga pasipokanyagwa.

Suala gumu zaidi ni la pesa, nalo halizungumzwi vya kutosha kwa sababu linaona haya.

Katika dala, mgeni ni mgeni. Wendo akifika anapewa kiti, anapewa maji, anapewa chakula hata kama ndicho kilichokuwa cha jioni. Mama hawezi kusimama langoni na kusema, lipa kwanza. Kwa hiyo kinachotokea ni hiki: mwandaaji amekwisha kupokea malipo ya safari nzima kwenye simu yake, anawaleta watu wanane nyumbani kwa mama, mama anawapikia, anawafundisha, anapigwa picha mia mbili, na wanapoondoka anaachiwa noti moja ya shukrani. Akiulizwa kama amelipwa, anasema wageni walikuwa wazuri. Ni kweli walikuwa wazuri. Wao wanaamini walimlipa, kwa sababu walimlipa mtu.

Kumfundisha mama awe mkali langoni si dawa, na wenye kushauri hivyo hawajakaa kwenye dala. Dawa ni pesa zimalizwe kabla ya lango. Kikundi kilichosajiliwa kiwe na namba yake ya malipo, bei ya somo iandikwe na ijulikane, na malipo yafanyike hapa Kondele kabla gari halijawashwa. Mgeni aone sehemu ya mwalimu ni kiasi gani. Wakifika nyumbani, hakuna mtu atakayeitaja pesa tena; mama atakuwa mwenyeji na wao watakuwa welo, na uji utakaotolewa utakuwa uji wa ukarimu kweli. Vyungu vya kuuza viwekwe mahali pao, na atakayependa kununua anunue kwa bei iliyoandikwa.

Kwa nini wachache? Kwa sababu boma lina kivuli cha mwembe mmoja, mwalimu mmoja hawezi kusahihisha mikono arobaini, na basi kubwa haliwezi njia ya kijijini baada ya mvua. Kipimo rahisi ni matatu moja ya abiria 14, yenye wageni wasiozidi 10, mwongozaji, na nafasi ya kubebea vyungu vilivyofungwa kwa nyasi kavu. Ziwani, idadi ni ile ya makoti ya kuokolea maisha yaliyomo kwenye boti. Koti likikosekana, mtu mmoja anabaki ufuoni, hata kama amelipa na hata kama ni mwongozaji.

Na huyo mwongozaji awe nani? Katika miaka ya 2010 watafiti wa Kenya na Uswidi walifanya kazi na waongoza wageni wa Dunga, na likajitokeza jambo ambalo kila mtu alikuwa akiliona bila kulisema: walioongoza walikuwa wanaume. Mafunzo ya wanawake yakaandaliwa. Kwa safari za vyungu hilo ni la lazima kabisa. Mwongozaji wa kiume atatafsiri maneno ya mama, lakini mengine mama hatayasema mbele yake. Binti wa kijijini anayejua Kiluo cha bibi yake na Kiingereza cha shule ana kazi hapa, na anaweza kuwa yuleyule mke wa mwana aliyetajwa.

Sheria nayo ina neno. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaziachia kaunti utalii wa ndani ya maeneo yao na shughuli za utamaduni. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazipa kaunti jukumu la kuyaandikisha maarifa ya jamii zake, na inataka jamii iombwe ridhaa kabla maarifa hayo hayajatumiwa kibiashara. Maana yake kwa mfinyanzi ni ya kawaida sana. Mgeni akipiga picha ya alama za chungu kwa kumbukumbu yake, sawa. Akitaka kuchapa alama hizo kwenye vitambaa na kuviuza kwao, hiyo ni biashara, na kikundi kina haki ya kuulizwa na kukataa. Mwongozaji aliseme hilo ndani ya gari, kwa upole, mapema, kabla simu hazijatolewa mifukoni.

Limebaki suala la mvua. Masika ya Machi hadi Mei si wakati wa kuahidi moto. Vyungu havikauki, nyasi ni mbichi, na chungu chenye unyevu hupasuka kwa mlio mkubwa mbele ya aliyekifinyanga. Wageni wanaouliza tarehe za Aprili wajibiwe ukweli kabla hawajalipa: waje kwa ajili ya mikeka, nyatiti na mawe ya Tabaka, na vyungu wavifinyange wakijua kwamba watavichomewa na mama baada ya wao kuondoka. Wanaotaka kuuona moto waelekezwe Januari, Februari, au Julai na Agosti. Na tarehe ya moto isichapwe kwenye karatasi ya matangazo kabla mfinyanzi hajaulizwa. Yeye ndiye anayeshika chungu asubuhi, akakigeuza, akaweka shavu lake juu ya udongo kuona kama bado una ubaridi, na kusema leo au kesho kutwa.